Jenga Globe Yako Iguguno: Mwongozo kwa Asiye na Mtaji wala Aibu

Waingereza walipoanza kujenga majumba makubwa ya maigizo kwa ajili ya watu wote, zaidi ya miaka 400 iliyopita, hawakuandika andiko la mradi wala hawakuhudhuria semina ya ujasiriamali yenye posho na soda baridi. Walikuwa na seremala aliyechoka useremala, shemeji mwenye duka, na umati wa watu ambao saa nane mchana walipaswa kuwa kazini lakini hawakuwako. Iguguno ina hao wote. Ina pia barabara kuu ya lami itokayo Singida kwenda Nzega, mabasi ya Mwanza, malori ya Rwanda, na njia panda ya Nduguti ambako watu husubiri usafiri kwa muda unaotosha kutazama mchezo wenye vitendo vitano. London ya Malkia Elizabeth wa Kwanza, pamoja na watu wake wapatao 200,000, haikuwa na njia panda ya Nduguti. Kilichokosekana ni mwongozo tu, na huu hapa.

Kiwanja kisichopendwa na mtu

Usijenge karibu na ofisi ya mtendaji. Usijenge karibu na shule, zahanati wala kanisa. James Burbage, yule seremala, alijua kwamba Meya wa London na madiwani wake hawataki hata kusikia habari za maigizo. Kwa hiyo mwaka 1576 alikwenda Shoreditch, nje ya mamlaka ya Jiji, akajenga jumba aliloliita The Theatre, yaani “Jumba la Maigizo”; hakuhangaika hata kutafuta jina. Waliomfuata wengi walivuka mto Thames kwenda upande wa kusini: Rose mwaka 1587, Swan mwaka 1595, Globe mwaka 1599. Majirani zao huko walikuwa madanguro, gereza la Clink, na viwanja ambamo dubu alifungwa mnyororo kwenye nguzo ili mbwa wamrarue huku watu wakishangilia. Mahali pa staha pasingewavumilia hata wiki.

Kwa Iguguno, tafuta nyuma ya pale malori yanapolala, upande ambao mwenyekiti wa kitongoji anasema ni wa mwenzake, na mwenzake akiulizwa anasema ni wa huyo wa kwanza. Hapo shusha matofali.

Sasa mkataba. Burbage alipanga ardhi kwa bwana mmoja, Giles Allen, kwa miaka 21. Miaka ilipokwisha, Allen akaja na maneno ya wenye viwanja wote duniani: kodi imepanda, tena nina mpango mwingine na eneo langu. Burbage mwenyewe akafariki mapema mwaka 1597. Wanawe, Cuthbert na Richard, wakausoma mkataba kwa utulivu, wakaridhika kwamba ardhi ni ya Allen lakini jengo ni lao. Tarehe 28 Desemba 1598, Allen akiwa shambani kwake kwa sikukuu, wakafika na fundi Peter Street na vijana wa kazi, wakaanza kulibomoa jumba boriti kwa boriti. Mbao hizo ndizo zilizovushwa mto zikawa Globe. Allen alirudi akakuta kiwanja chake kikiwa kizima kabisa, bila kitu juu yake. Akakimbilia mahakamani kudai pauni 800.

Nawe basi jenga kwa misumari inayong'oka. Nguzo za mkaratusi zisimwagiwe zege, na karatasi yenye muhuri wa serikali ya kijiji iseme wazi kwamba kilichosimama juu ya ardhi ni mali yako. Mikokoteni ya ng'ombe ipo. Krismasi ipo. Mwenye kiwanja naye bila shaka ana kwao.

Shemeji na kibubu

Benki watakuuliza dhamana, wana VICOBA watakuuliza tabia, na vyote viwili huna. Chukua shemeji. John Brayne, kaka wa mke wa Burbage, alikuwa mwenye duka la vyakula, na kabla ya hapo alishajaribu bahati na jukwaa jingine, Red Lion, mwaka 1567, halikudumu. Mtu aliyeunguzwa mara moja na bado ana hamu ndiye mwekezaji unayemtaka. Brayne alizamisha fedha zake kwenye The Theatre, na madeni yakamsindikiza mpaka kaburini.

Ugomvi wa mashemeji hao ulihusu makusanyo. Katika majumba yale mtazamaji alitumbukiza sarafu yake kwenye kibubu cha udongo mlangoni. Vibubu vikapelekwa chumbani, vikavunjwa, fedha zikahesabiwa na kugawanywa. Burbage akashutumiwa kwamba amechongesha ufunguo wa siri wa sanduku la pamoja, anachota kabla ya mgao na kuficha sarafu kifuani. Brayne alipokufa, mjane wake alikuja mwaka 1590 na watu wake kudai fungu lake. Walipokewa na matusi ya mzee Burbage na mpini wa ufagio mikononi mwa kijana Richard. Richard huyo ndiye aliyekuja kumwigiza Hamlet kwa mara ya kwanza, kwa hiyo usimdharau kijana unayemweka mlangoni.

Siku hizi ufunguo wa siri hauchongwi. Lipa Namba husajiliwa kwa jina la mtu, na kikao cha kuamua ni jina la nani ndicho kitakachovunja undugu. Kifanyeni mapema, kabla ya kununua bati.

Njia nyingine, ambayo naisifu bila kejeli, ni ile ya Globe. Nusu ya jumba ilikuwa ya ndugu wawili wa Burbage, na nusu ya pili waligawana waigizaji watano wa kundi lenyewe, mmoja wao William Shakespeare. Mwigizaji mwenye hisa hachelewi mazoezi. Na utajiri wa Shakespeare ulitoka kwenye hisa kuliko kwenye kalamu. Mweleze hivyo mshairi wa kwanza atakayekuja kukuomba malipo kwa kila ukurasa.

Anza na wanaosimama

Kosa kubwa la wapenda sanaa wa nchi hii ni kuanza na viti vya wageni waalikwa. Globe ilianza na wasio na viti. Peni moja, bei ya mkate, ilikuingiza uwanjani kusimama juani au mvuani mpaka mchezo uishe. Peni ya pili ilikupandisha kwenye roshani yenye benchi na paa. Ya tatu ilikupa mto wa kukalia na mahali pazuri pa kuonwa na wenzako. Jumba moja liliweza kumeza watu hata 3,000: wanagenzi waliotoroka kwa mafundi wao, wachuuzi, mabaharia, wake za watu, wanasheria wanafunzi, na wezi wa mifukoni ambao kwao hiyo peni ilikuwa gharama ya uzalishaji. Walikula njugu na chaza, wakanywa bia, wakabishana na waigizaji. Wataalamu wa mambo ya kale walipofukua msingi wa Rose mwaka 1989, walikuta maganda ya njugu yametapakaa sakafuni. Kwa hiyo mtu akikulaumu kwa maganda ya karanga ukumbini, mwambie unaandaa kazi kwa wataalamu wa miaka 400 ijayo.

Na hapa niseme jambo ambalo wasomi wetu wa sanaa hawapendi kulisikia. Globe tunayo tayari. Si ule ukumbi wa jijini wenye kiyoyozi, ambamo watu 40 wanapiga makofi kwa adabu baada ya hotuba ya balozi. Ni kibanda umiza: mabanzi, bati, turubai jeusi la kuzuia mwanga, benchi zisizo na mgongo, runinga moja juu ya meza, jenereta ikinguruma nje, na mlangoni kijana anayekutazama usoni kabla ya kutazama mkono wako. Kuna wa benchi, kuna wa mkeka mbele, kuna wa kusimama nyuma, na kuna mheshimiwa mmoja aliyewekewa kiti cha plastiki chenye mikono. Mpangilio ni uleule wa London, pamoja na harufu.

Hata uigizaji umo. Kabla ya kila mtu kuwa na simu ya kuangalia filamu peke yake, Watanzania walijaa mabandani kumsikiliza Derek Gaspar Mukandala, maarufu Lufufu, akiwatafsiria filamu za nje. Kutafsiri huko kulikuwa mchezo wa kuigiza uliojengwa juu ya mchezo mwingine: alikuwa jambazi, akawa polisi, akawa mama mkwe, akaongeza mambo ambayo mwongozaji wa filamu hakuyawaza. Kenya wana DJ Afro, Kampala wana VJ Jingo. London nayo sehemu za wanawake ziliigizwa na wavulana, Juliet na Cleopatra wakiwemo, na hakuna aliyedai kurudishiwa peni yake. Umati uliolipa uko tayari kuamini sauti yoyote ikiwa inajua kazi yake.

Kwa hiyo usikibomoe kibanda umiza cha jirani. Ingia naye ubia. Mwaka 1614 mfanyabiashara Philip Henslowe na mwenzake walifungua jumba liitwalo Hope, lenye jukwaa la kutolewa na kurudishwa: siku hii maigizo, siku ile dubu na mbwa. Henslowe alikuwa amekwisha kukopesha watu kwa rehani, kutengeneza wanga wa nguo na kupangisha nyumba za sifa mbaya. Alijua sanaa pekee hailipi kodi. Yeye alikuwa na dubu na mbwa, wewe una Simba na Yanga. Siku ya mechi yao toa jukwaa, weka king'amuzi, pandisha kiingilio. Fedha ya siku hiyo ndiyo itakayonunua mavazi.

Kuhusu mavazi na vifaa, orodha ya mali za kundi moja lililoigiza kwa Henslowe, ya mwaka 1598, ipo mpaka leo. Inataja mwamba mmoja, kaburi moja, mdomo wa jehanamu mmoja, na mji wa Roma. Mwamba Singida hununui, chagua tu unaotaka. Mahali pengine katika hesabu zake limetajwa joho la kuvaa ili mtu asionekane. Ukilivaa, watazamaji wote wanakubali kwamba hawakuoni. Shona mawili, moja la jukwaani na jingine la siku mwenye kiwanja anapopita.

Tafuta bwana mkubwa, kisha mwogope

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1572 iliwaweka waigizaji wasio na bwana kwenye fungu moja na wazururaji: viboko, na sikio kutobolewa kwa chuma cha moto. Usicheke sana. Kanuni ya Adhabu tuliyorithi kwa Mwingereza, Sura ya 16, nayo ilikuja na vifungu vyake vya wazururaji, na vijana wanaokaa vijiweni mchana wanavijua kuliko wanasheria. Waigizaji wa London walijiokoa kwa kuvaa beji ya mtu mzito. Wakawa watumishi wa Lodi huyu au yule, na kuanzia 1603 kundi la Shakespeare likawa la Mfalme mwenyewe. Msimamizi wa Burudani za Ikulu, Edmund Tilney, alisoma kila mchezo kabla haujapanda jukwaani, akakata alichotaka, na akalipwa ada kwa kazi hiyo ya kukata.

Kwetu kuna Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Namba 4 ya mwaka 1976, kuna Bodi ya Filamu, kuna BASATA, kuna leseni ya biashara ya halmashauri ya Mkalama. Lipa. Kata stakabadhi, zitundike ukutani kwenye fremu pale ambapo wengine hutundika picha za harusi.

Kisha tafuta mlezi. Anaweza kuwa mnunuzi mkubwa wa alizeti, mwenye mabasi, au diwani. Hata chama cha siasa kinafaa: vyama vingi viliporuhusiwa mwaka 1992, CCM haikukawia kuanzisha Tanzania One Theatre, TOT, chini ya Kapteni John Komba, na kampeni za miaka mingi zikapata ngoma, kwaya na maigizo yake. Mlezi wa namna hiyo ana gari, ana spika na ana mafuta ya jenereta.

Ila sikiliza habari hii kwa masikio yote mawili. Februari 1601 watu wa Lodi Essex walikuja kwa kundi la Globe wakitaka mchezo wa Richard II, unaoonyesha mfalme akiondolewa madarakani. Waigizaji wakasema ule mchezo ni wa zamani, hautauza. Wakaongezewa shilingi 40. Wakaigiza tarehe 7, na kesho yake Essex akaingia mitaani na silaha kumpindua mshauri wa Malkia, kama si Malkia mwenyewe. Mwigizaji mmoja, Augustine Phillips, akaitwa kujieleza. Akasema ukweli: walilipwa. Serikali ikaukubali, na tarehe 24 kundi hilohilo likaigiza mbele ya Malkia. Asubuhi yake Essex akakatwa kichwa. Wakija watu kwenye gari lenye vioo vyeusi, wakakupa fedha juu ya kiingilio ili uigize mchezo ambao hakuna mtu Iguguno aliyeuomba, andika stakabadhi. Stakabadhi ndiyo iliyomwokoa Phillips, ingawa yake ilikuwa ya mdomo.

Maadui wa kuaminika

Huhitaji kulipia matangazo. London walipandisha bendera juu ya paa na kupiga tarumbeta. Wewe una spika kwenye bodaboda. Lakini tangazo lenye nguvu zaidi lilitoka madhabahuni. Mwaka 1577 mhubiri mmoja alitoa hesabu nyepesi: tauni huletwa na dhambi, dhambi huletwa na maigizo, basi tauni imeletwa na maigizo. Mwaka uliofuata John Stockwood akalalamika kwamba tarumbeta ya mchezo mchafu huita watu elfu, na kengele ya kanisa ikilia saa nzima haileti hata mia. Fikiria waumini waliokuwa hawajui mchezo uko wapi, wakapewa habari hiyo kamili pamoja na idadi ya watazamaji. Mwaka 1583 jukwaa la watazamaji wa dubu liliporomoka Jumapili na kuua watu, na wahubiri wakaona Mungu amesema. Mwanafunzi wa uhandisi angeona boriti iliyooza.

Kwa hiyo mchungaji na shekhe wape heshima yao, wala usiwajibu. Utagundua kwamba malalamiko hayahusu yaliyomo ndani ya mchezo. Meya wa London hakukerwa na ushairi. Alikerwa na wanagenzi 500 kukusanyika mahali pamoja mchana wa siku ya kazi bila yeye kuwaita. Mtendaji wako naye hatauliza Hamlet alisema nini. Atauliza kwa nini vijana hawa hawako shambani, na wale wadogo kwa nini hawako darasani. Swali la pili ni halali. Weka mtu mlangoni awarudishe wenye sare. La kwanza lijibu kwa kalenda: fungua baada ya mavuno ya alizeti, jembe likiwa limepumzika na mfuko una kitu. Msimu wa mvua funga, nenda kalime na wewe.

Wakitoa amri ya kubomoa, usikate tamaa siku ya kwanza. Julai 1597 serikali ya Malkia iliagiza majumba ya maigizo yavunjwe, na hakuna lililovunjwa, maana walioagiza walikuwa pia wanapenda kutazama. Amri ya kuogopa ni ile ya watu wasiopenda: Bunge lilipoyafunga majumba yote mwaka 1642, yalifungwa kweli. Kuhusu magonjwa, tii mara moja. Tauni ilifunga kumbi za London sehemu kubwa ya 1592 hadi 1594, na sisi tunakumbuka mikusanyiko ilivyosimamishwa Machi 2020.

Paa, na siku ya ufunguzi

Globe iliezekwa nyasi. Tarehe 29 Juni 1613, katika mchezo kuhusu Mfalme Henry VIII, walifyatua mzinga kumpokea mfalme wa jukwaani. Cheche zikatua kwenye nyasi, watu wakaona moshi wakaendelea kutazama mchezo, na ndani ya saa moja jumba lote likawa majivu. Hakufa mtu. Mmoja suruali yake ilishika moto, ikazimwa kwa chupa ya bia. Mwaka uliofuata walijenga upya kwa vigae. Wazee wa Singida, waliojenga tembe zenye paa bapa la udongo, wangeshangaa kwamba somo hilo lilihitaji mzinga. Tumia bati, lifunge vizuri kwa sababu ya upepo wetu, na mzinga uwe ngoma.

Mchezo wa kwanza uwe wa Kaizari. Mwalimu Nyerere aliutafsiri, ukatoka mwaka 1963, kisha akaurekebisha ukatoka tena 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, na mwaka huohuo akatoa Mabepari wa Venisi. Rais aliyekuwa madarakani alikaa akatafuta Kiswahili kizuri cha kumchoma kisu mtawala: mtendaji akikuuliza kibali, mwonyeshe jina lililo kwenye jalada. Ukipata nguvu, mwezi wa pili weka Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, ya mwaka 1969 pia, ambayo haihitaji kuwaeleza watu Roma iko wapi.

Mgeni mmoja kutoka Uswisi, Thomas Platter, aliutazama mchezo wa Kaizari London mnamo Septemba 1599, ukiigizwa na watu kama 15. Kilichomfurahisha hasa ni kwamba baada ya mauaji yote waigizaji walicheza dansi, wawili wamevaa kiume na wawili kike. Fuata utaratibu huo. Brutus akishajichoma, maiti wainuke, Kaizari awe wa kwanza maana ndiye aliyelala muda mrefu, na singeli ipigwe. Wacha watu wacheze mpaka mama lishe auze chapati ya mwisho. Wewe usicheze. Kaa karibu na simu yenye Lipa Namba, shemeji asije akaifikia kabla yako.